Kondoo Mmoja Akiugua, Nani Ahamishwe? Mwongozo wa Kutatua Matatizo ya Maradhi ya Kuambukiza Kundini

Kondoo anapoonekana amejitenga na wenzake, kichwa ameinamisha, masikio yamelegea na hacheui, wafugaji wengi hukimbilia hatua moja: humtoa zizini na kumfungia peke yake. Kwa baadhi ya maradhi hatua hiyo huokoa kundi zima. Kwa mengine haisaidii kitu, kwa sababu kinachoambukiza si yule mgonjwa bali ni udongo aliosimama juu yake au wadudu wanaouma usiku. Na yapo maradhi ambayo kumhamisha mgonjwa ndiko kunakoyasambaza, kwa kuwa hupitishwa mbele ya kondoo waliokuwa bado hawajafikiwa. Ndiyo maana mwongozo huu hauishii kwenye jina la ugonjwa. Kwa kila dalili unauliza pia ugonjwa huo unapita njia gani, na kutokana na jibu hilo mfugaji anaamua nani ahame na nani abaki.

Kuthibitisha ugonjwa na kuagiza dawa ni kazi ya daktari wa mifugo na maabara. Saa zile kabla daktari hajafika ni za mfugaji mwenyewe, na mara nyingi ndizo zinazoamua kama ataugua kondoo mmoja au wataugua hamsini.

Kabla ya kumgusa mgonjwa

Anza na wazima. Walishe, wanyweshe na uwakague kwanza, kisha wale waliolala zizi moja na mgonjwa, na mgonjwa awe wa mwisho, kwa viatu na ndoo zisizorudi upande wa pili. Mfugaji anayeanza siku kwa kumtazama mgonjwa, kwa sababu ndiye anayemhangaisha moyo, huwa ameshabeba ugonjwa kwenye mikono na nguo kabla ya saa mbili asubuhi.

Pima joto kwa kipimajoto kinachoingizwa njia ya haja kubwa. Kondoo mzima aliyetulia kivulini huwa na nyuzijoto 38.5 hadi 39.5 hivi, na wanakondoo huzidi kidogo. Kwenye jua kali, au baada ya kukimbizwa, joto hupanda hata kwa asiyeumwa, kwa hiyo pima pia wazima watatu au wanne wa kundi hilo hilo ili upate cha kulinganisha. Nyuzijoto 40.8 kwa mmoja ilhali wenzake wana 39.3 ni homa. Nyuzijoto 40 kwa kila kondoo saa nane mchana huenda ni jua tu.

Kisha jiulize wameugua wangapi, wa rika gani, tangu lini, na nini kimeingia kundini katika siku 30 zilizopita. Kuingia huko kuchukuliwe kwa upana wake wote: kondoo aliyenunuliwa, dume la kuazima, mnyoaji na mashine yake, gari lililotoka kubeba mifugo ya mtu mwingine, mbuzi wa jirani waliokunywa birika moja na kondoo wako, na viatu ulivyovaa mnadani. Andika majibu siku hiyo hiyo. Baada ya siku tatu kumbukumbu huanza kufuata dhana ambayo mtu ameshaichagua.

Wanachechemea, wengine wanalisha wakiwa wamepiga magoti

Mkalishe kondoo kwa matako, mgongo wake ukiegemea miguu yako. Osha ukwato kwa maji, ufute kwa kiganja cha nyasi, kisha tenganisha vile vidole viwili vya mguu na uangalie ngozi iliyo katikati. Usianze na kisu. Ikiwa ngozi hiyo ni nyekundu, imelowa na ina utando mwembamba mweupe, lakini ukwato bado umeshikana vizuri na nyama yake, tatizo bado liko juu juu. Ikiwa ukwato umeanza kuachana na nyama kuanzia upande wa ndani wa kisigino, chini yake kuna uji wa kijivu, na harufu yake inabaki mkononi hata baada ya kunawa, huko ni kuoza kwa kwato, ugonjwa unaosababishwa na bakteria aitwaye Dichelobacter nodosus. Hali hizi mbili mara nyingi ni mwanzo na mwisho wa jambo moja, hivyo wekundu huo ukionekana kwa kondoo wengi kwa wakati mmoja uchukuliwe kuwa ni kuoza kwa kwato kunakoanza. Mguu mmoja tu wenye moto na usaha, usio na uvundo huo, kwa kawaida una mwiba au jipu, na hauwatishii wengine.

Hapa wanaopaswa kuhama ni wazima. Bakteria huyu huishi kwenye miguu ya kondoo. Akidondoka malishoni mara nyingi hamalizi wiki 2, naye huenea ardhi ikiwa na unyevu na joto likiwa limezidi nyuzijoto 10. Kumfungia mgonjwa mbali huku wenzake wakiendelea kukanyaga tope lile lile la langoni na pembeni mwa birika ni kufanya nusu ya kazi. Kagua kila mguu wa kila kondoo, gawa kundi mara mbili, wapitishe wazima kwanza kwenye beseni la kuogeshea kwato lenye zinki salfeti ya asilimia 10, wasimame humo kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo ya dawa, kisha wakaukie kwenye sakafu ngumu kwa saa nzima kabla ya kupelekwa malisho ambayo hayajakanyagwa na kondoo wala mbuzi kwa wiki 2 au zaidi. Wagonjwa wabaki kwenye ardhi ile ile iliyochafuka, na watibiwe kwa sindano ya antibiotiki itakayoagizwa na daktari.

Mambo mawili yanastahili msisitizo kwa sababu mazoea yake yana nguvu. La kwanza ni kuchonga kwato za mgonjwa mpaka damu itoke: imethibitika kwamba kufanya hivyo huchelewesha kupona, na kisu kile kile hubeba bakteria hadi mguu unaofuata. La pili ni mrututu, yaani kopa salfeti, kama dawa ya beseni. Kondoo hudhurika na kopa kuliko mifugo mingine mingi, na anayekunywa maji ya beseni hilo kwa kiu anaweza kufa.

Kuna kuchechemea kwa aina nyingine kusikovumilia kusubiri. Kondoo wengi wakichechemea ghafla ndani ya siku moja au mbili, wakiwa na homa na malengelenge madogo kwenye ufizi au juu ya kwato, fikiria ugonjwa wa miguu na midomo. Kwa kondoo malengelenge hayo hupasuka na kupona upesi kiasi kwamba mtu akija siku ya nne anaweza asione kitu. Mwaka 2001 nchini Uingereza, kondoo waliokuwa na dalili hafifu kama hizi walipita minadani na kusambaa nchi nzima kabla ugonjwa haujagunduliwa, na hatimaye mifugo zaidi ya milioni 6 ikachinjwa. Ukishuku ugonjwa huu asihame yeyote, mgonjwa wala mzima, na mamlaka ya mifugo ijulishwe siku hiyo hiyo.

Vidonda mdomoni, kamasi, macho yenye tongo

Joto la mwili ndilo linaloanza kugawa njia. Mwanakondoo asiye na homa, au mwenye homa ndogo, aliyejaa magaga manene kwenye pembe za mdomo huku mama yake akiwa na vidonda vya namna hiyo kwenye chuchu, kwa uwezekano mkubwa ana orfi, yaani upele wa midomo unaoambukiza. Wengi hupona wenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6. Hatari iko kwenye gaga. Likidondoka kwenye sakafu kavu ya banda, virusi vilivyomo vinaweza kuishi kwa miezi mingi na kuwangoja wanakondoo wa msimu ujao. Kundi lililokwisha kuguswa lifungiwe pamoja lilivyo, lisichanganywe na jingine. Kumtoa mwanakondoo mmoja na kumpeleka banda jipya ni kulipeleka gaga huko. Magaga yasibanduliwe kwa mkono, glavu zivaliwe, kwani binadamu naye hutoka vidonda vyenye maumivu vidoleni. Chanjo ya orfi ina virusi hai, kwa hiyo haifai kupelekwa kwenye kundi ambalo halijawahi kuupata ugonjwa huu.

Homa inayofika nyuzijoto 40 hadi 41, machozi na kamasi vinavyoanza kama maji kisha vinakuwa vizito na kuganda puani, vidonda mdomoni vyenye harufu, kuharisha, na baadaye kukohoa: mfululizo huo unaelekeza kwenye sotoka ya mbuzi na kondoo. Dalili huanza kwa kawaida siku 4 hadi 6 baada ya kuambukizwa, na mbuzi wakiwa karibu mara nyingi ndio huzidiwa zaidi. Virusi vyake havidumu nje ya mwili. Vinapita kwa pumzi, kamasi na kinyesi kati ya wanyama walio karibu, na kwa sababu hiyo umbali kati yao unasaidia sana. Mgonjwa abaki alipo, na walio bado na joto la kawaida wasogezwe mbali ndani ya eneo lile lile la mfugaji, wapimwe joto kila asubuhi, na yeyote ambaye joto lake limepanda arudishwe kwa wagonjwa. Kuuza haraka "kabla hawajafa wote" ndiko kunakoupeleka ugonjwa huu kijiji cha pili na cha tatu. Chanjo yake ni miongoni mwa chanjo bora za mifugo zilizopo, dozi moja ikilinda kwa miaka 3 angalau, na ndiyo msingi wa lengo la FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na WOAH (shirika la afya ya wanyama duniani) la kuutokomeza ugonjwa huo duniani ifikapo 2030.

Homa ikiambatana na vinundu vigumu chini ya mkia, kwapani na usoni, fikiria ndui ya kondoo, ambayo nayo ni ya kuripotiwa na ya kusimamisha kila safari. Homa ikiambatana na uso na midomo kuvimba, mate mengi, na mstari mwekundu pale ukwato unapokutana na ngozi, fikiria ugonjwa wa ulimi wa bluu. Huu wa mwisho husambazwa na usubi, si kwa kugusana, hivyo ukuta kati ya mgonjwa na mzima hauzuii kitu. Linalosaidia ni kuwaingiza wote ndani kuanzia jioni hadi asubuhi, kuwaweka mbali na tope na maji yaliyotuama, na chanjo inayolingana na aina ya virusi iliyopo.

Majike wanatupa mimba

Jike mmoja kutupa mimba kunaweza kuwa ajali ya pembe au mlango mwembamba. Wawili ndani ya siku chache ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Mfugaji anayekuta kijusi asubuhi hutamani kukizika upesi kabla mbwa hawajafika, na kwa kufanya hivyo hufukia jibu la swali lake. Vaa glavu, weka kijusi pamoja na kondo la nyuma kwenye mfuko usiovuja, kihifadhi mahali pa baridi na kifikishwe maabara. Kondo la nyuma lisisahaulike, kwa kuwa baadhi ya visababishi huonekana humo kuliko kwenye kijusi.

Jike aliyetupa mimba ahamishwe mara moja, na hapa sina mashaka. Bakteria aitwaye Chlamydia abortus hutolewa kwa wingi mno kwenye kondo na majimaji, majike wengine huja kunusa na kulamba, na wale wanaoambukizwa karibu na msimu wa kuzaa huonekana wazima kabisa kisha hutupa mimba msimu unaofuata, kwa kawaida katika wiki 2 au 3 za mwisho. Ukiwa umeshangaa mwaka huu, ugonjwa uliingia mwaka jana. Brusela na homa ya Q, maradhi mengine ya bakteria, nayo hupita njia hiyo hiyo. Ondoa matandiko yote ya pale alipotupia, uyachome, na usimtumie jike huyo kumnyonyesha mwanakondoo jike yatima unayetaka kumfuga. Toxoplasma, kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, ni tofauti: chanzo chake ni kinyesi cha paka kilichoingia kwenye chakula, haipiti kutoka jike hadi jike, na kumtenga mgonjwa hakubadilishi kitu ikiwa ghala la nafaka liko wazi. Lakini kwa kuwa macho hayawezi kutofautisha visababishi hivi, tenga kwanza, majibu yatakurekebisha.

Majike karibu wote wenye mimba wakitupa ndani ya wiki chache baada ya mvua kubwa, bila kujali mimba ina umri gani, na wanakondoo wachanga wakifa kwa wingi, hiyo inaweza kuwa Homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu na inayompata binadamu kupitia damu na majimaji ya mnyama. Usichinje, usichune, usisaidie uzazi kwa mikono mitupu, ita mamlaka. Mwanamke mjamzito asishiriki kabisa kazi ya kuzalisha kondoo, wala asifue nguo zilizotoka huko, hata katika kundi linaloonekana salama. Maradhi kadhaa kati ya haya humfanya binadamu naye apoteze mimba.

Wanakondoo wanaharisha

Umri ndio unaoelekeza. Siku 4 za kwanza lawama huangukia zaidi bakteria E. koli na upungufu wa dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama; kuanzia wiki ya kwanza hadi ya pili, kriptosporidia, na kati ya wiki 3 na 8, koksidia, vyote viwili vikiwa vimelea vidogo vya utumbo; baada ya hapo, minyoo. Mwanakondoo anahitaji mililita 50 za dang'a kwa kila kilo ya uzito wake mapema katika saa chache za kwanza, na mililita 200 kwa kilo ndani ya saa 24, maana yake mchanga wa kilo 4 anywe mililita 200 mwanzoni na 800 kwa siku nzima. Kitovu kichovywe kwenye iodini, si kupakwa pembeni.

Ikiwa waliozaliwa mwanzo wa msimu walikuwa wazima na wanaozaliwa sasa wanaharisha, banda ndilo linaloumwa. Kila mchanga aliyepita ameongeza vijidudu sakafuni. Wahamishe majike ambao bado hawajazaa, uwapeleke mahali ambapo hakuna aliyezalia msimu huo, na uwaache wenye watoto pale walipo. Kunyunyizia dawa juu ya samadi hakufanyi kazi, kwani samadi huimaliza nguvu dawa kabla haijafika kwenye vijidudu: zoa, osha kwa sabuni, acha pakauke, ndipo unyunyizie. Kriptosporidia huvumilia dawa nyingi za kawaida, ila ukavu huiua.

Amekutwa amekufa na jana alikuwa mzima

Tazama puani, mdomoni na njia ya haja kubwa. Kukiwa na damu nyeusi isiyoganda, fikiria kimeta na usiupasue mzoga kwa sababu yoyote, kwani ndani ya mzoga uliofungwa bakteria hao huoza na kufa, lakini wakipata hewa hujigeuza mbegu ngumu zinazodumu udongoni kwa miongo mingi. Uchomwe au uzikwe kwa kina pale ulipoangukia, chini ya maelekezo ya mamlaka. Pasipo damu, na aliyekufa akiwa ndiye mwanakondoo aliyenona kuliko wote, sumu ya utumbo inayoletwa na bakteria wa jamii ya Clostridium inawezekana zaidi. Hiyo haipiti kutoka kondoo hadi kondoo. Punguza nafaka, na majike wapate chanjo ya kukumbushia wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa ili kinga ipite kwenye dang'a.

Wanakonda polepole, au wana uvimbe chini ya taya na sikio

Uvimbe laini wa katikati chini ya taya, wenye maji, pamoja na kope za ndani zilizopauka, ni minyoo inayonyonya damu. Uvimbe mgumu wa upande mmoja, chini ya sikio au mbele ya bega, unaokomaa na kutoa usaha mzito wa kijani kibichi, ni jipu la tezi la Corynebacterium pseudotuberculosis. Niliwahi kununua dume zuri lenye kinundu kama punje ya harage nyuma ya taya, nikalihesabu kuwa ni kovu la mwiba. Lilinyolewa la tatu kwa foleni, na mkasi ukakata kile kinundu. Miezi michache baadaye majike tisa walionyolewa baada yake walikuwa na majipu, na wawili waliotangulia hawakuwa na kitu. Tangu siku hiyo foleni ya kunyoa huanza na wadogo, wenye uvimbe ni wa mwisho au hawanyolewi, na visu huoshwa kila baada ya rika moja. Jipu linalokaribia kupasuka lifunguliwe na daktari mbali na zizi, usaha upokelewe kwenye chombo na kuchomwa.

Wanaokonda huku wanakula na kuhema kwa shida bila homa wanaweza kuwa na maedi-visna, virusi vinavyopita kwenye maziwa na pumzi, visivyo na tiba wala chanjo, na vinavyoweza kukaa miaka bila dalili. Mwaka 1933 Aisilandi iliingiza kondoo 20 wa aina ya Karakul kutoka Ujerumani. Waliwekwa karantini, wakaonekana wazima, wakagawiwa mashambani; ndio walioleta ugonjwa huu, na ilibidi makundi mengi yachinjwe kabla haujatokomezwa, mwaka 1965. Jicho halitoshi kwa ugonjwa wa namna hii. Kondoo mpya apimwe damu, na arudiwe kupimwa baada ya miezi kadhaa.

Ugonjwa ulikwisha, sasa umerudi

Hili ndilo lalamiko linalorudiwa kuliko yote, na mara nyingi chanzo chake ni kondoo aliyepona nusu. Mgonjwa wa kwato asirudi kundini kwa sababu amekwisha kutembea vizuri. Arudi baada ya miguu yake yote minne kukaguliwa mara mbili, wiki 2 zikiwa katikati, bila kidonda. Anayeugua tena baada ya kutibiwa mara mbili aondolewe kundini moja kwa moja. Kwa wapya, siku 28 za karantini ziwe na maana: pasiwe na pua kugusana na pua kwenye uzio, wapewe dawa ya minyoo na kufungiwa saa 48 ili kinyesi kisidondoke malishoni, na wakaguliwe upele, kwa kuwa utitiri wake huweza kuishi nje ya kondoo kwa zaidi ya wiki 2, umejificha kwenye sufu iliyonasa miti na nyaya. Na dume la kuazima linaporudi nyumbani, hata kama lilitoka kwa siku tano tu, lihesabiwe kuwa ni mgeni na lianze siku ya kwanza.